Cheti cha Ukutani: Nani Alimpima Mganga wa Kichina?

Nimepotea kwa wiki kadhaa, na wale walioanza kudhani nimepata kazi ya maana watulie: bado nipo pale pale, nakimbizana na muda wa kufunga kurasa. Kilichonipoteza ni mgongo wa mama yangu.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Amesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini, na sasa mgongo na goti la kushoto vinamdai miaka hiyo yote kwa riba. Mbali na maumivu hayo ana presha, na kila asubuhi humeza kidonge chake kabla ya chai. Jirani yetu mmoja akamwambia kuna Mchina mjini anatibu migongo kwa visindano, tena watu wanaingia wanatambaa wanatoka wanatembea. Jumamosi moja nikapewa jukumu la kumsindikiza.

Mlangoni palikuwa na bango: tiba ya miaka 5,000. Ndani, ukutani, cheti kwenye fremu ya dhahabu, muhuri mwekundu, maandishi ya Kichina kutoka juu mpaka chini. Nikamuuliza dada aliyekuwa akitafsiri kimeandikwa nini. Akacheka. "Kaka, si cheti cha daktari hicho." Cha chuo gani? "Cha China." Mwenyewe mwenye koti jeupe hakumuuliza mama hata anaumwa wapi. Alimpa kichuma akishike mkononi, waya ukaingia kwenye kompyuta, na baada ya dakika moja hivi ikatoka orodha ndefu: figo zimechoka, ini lina sumu, damu ni nzito. Visindano havikutajwa tena. Ikaletwa mifuko ya vidonge isiyo na jina la dawa, shilingi 380,000. Na sharti moja: vidonge vya presha aviache kwa wiki mbili, ili dawa hizi zifanye kazi vizuri.

Mama alikuwa ameshafungua pochi. Mimi nilikuwa namuona mjomba wangu, kaka yake mama, aliyeacha vidonge vya presha mwaka 2019 kwa sababu alijisikia mzima, akaanguka bafuni. Kiharusi. Hakuamka. Nikasema tutarudi, nikamshika mama mkono tukatoka. Kwenye daladala hakunisemesha mpaka tulipofika Ubungo. Pale ndipo aliponigeukia: "Wewe unajua nini kuhusu dawa za Kichina?"

Swali zuri. Nilikuwa sijui kitu. Kukataa nilijua, lakini kujua huyu kasomea na yule hakusomea, ningejuaje? Basi wiki hizi nimekuwa nasoma, na nilichokikuta kimenishangaza. Nilidhani hili swali la "nani kampima huyu mganga" ni ubishi wa sisi tuliosoma shule za kizungu. Kumbe Wachina wenyewe wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000.

Tuanze na kitabu kinachoitwa Zhou Li, kinachoeleza jinsi serikali ya kifalme inavyotakiwa kupangwa. Kimeandikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Humo waganga wa mfalme wanahesabiwa mwisho wa mwaka kama wanafunzi wa darasa la saba. Aliyefanikiwa kwa wagonjwa kumi katika kumi ni wa daraja la kwanza. Aliyekosea mmoja katika kumi anafuata, kisha wawili, kisha watatu, na aliyekosea wanne anashika mkia. Posho inakwenda kwa daraja. Iwapo utaratibu huo ulifuatwa kweli au ulibaki kwenye karatasi ni jambo jingine, ila wazo lipo: mganga ana rekodi, na rekodi inaangaliwa.

Sasa hiyo miaka 5,000 ya kwenye bango. Kitabu kikuu cha tiba ya Kichina, Huangdi Neijing, kimepewa jina la mfalme wa hadithi anayesemekana aliishi zamani hizo. Bango linatoka hapo. Kitabu chenyewe kilikusanywa kama miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1973, kwenye makaburi ya Mawangdui huko kusini mwa China, wachimbaji walikuta maandiko ya tiba yaliyozikwa mwaka 168 KK. Yanaeleza njia za mwilini ambazo leo waganga wa akupancha, yaani tiba ya visindano, wanasema ni 12. Mle zilikuwa 11. Na visindano havimo. Tiba yake ni kuunguza majani makavu ya pakanga karibu na ngozi. Kwa maneno mengine tiba hii haikushuka kamili kutoka mbinguni. Ilikua, ikabadilika, ikasahihishwa. Kwangu mimi hilo linaiongezea heshima kuliko bango.

Mwaka 624 watawala wa ukoo wa Tang waliweka ofisi kuu ya tiba iliyokuwa pia chuo. Kulikuwa na walimu, wanafunzi na mitihani. Idara zake zilikuwa nne: dawa, visindano, kukanda mwili na (hapa nilicheka peke yangu ofisini) kufukuza maradhi kwa maneno na makafara. Ndiyo, serikali ilikuwa na idara ya uganguzi, yenye walimu na mtihani. Kwenye idara ya dawa kulikuwa na fani ya njia ya pembe, ambayo si kitu kingine bali ni kuumika. Wazee wetu wa Pwani wanaoumika kwa chuku wangeelewana na mwanafunzi wa Tang bila mkalimani. Nazungumzia chuku ya pembe, si ile ya kutia chumvi, ingawa kwenye kliniki ya Jumamosi ile zote mbili zingefaa.

Lakini kisa kilichonikaa kichwani ni cha sanamu za shaba. Miaka ya 1020, chini ya ukoo wa Song, mganga wa ikulu aitwaye Wang Weiyi aligundua kwamba vitabu vya visindano vinapingana. Huyu anasema sehemu ya kuchoma iko hapa, yule anasema pale, na wagonjwa wako katikati. Akasahihisha, akaandika kitabu, na mwaka 1027 zikakamilika sanamu mbili za shaba za ukubwa wa mtu mzima, zikiwa na matundu kwenye sehemu za kuchoma, majina 354 kwa jumla. Siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta mwili mzima ili matundu yasionekane, na ndani ikajazwa maji (wengine wameandika zebaki). Mtahiniwa anatajiwa sehemu, anachukua kisindano, anachoma. Akipatia, maji yanatoka. Akikosea, kisindano kinagonga shaba.

Ebu fikiria hilo. Hakuna kujieleza wala kuonyesha koti. Hakuna "mimi babu yangu alikuwa mganga". Ni maji au hakuna maji, na mtahini anaona kwa macho yake. Haithibitishi kwamba kuchoma mahali hapo kunaponya, hilo ni swali tofauti na nitalifikia. Inathibitisha kwamba mtu huyu alijifunza anachodai alijifunza. Miaka karibu elfu moja baadaye, mama yangu alikuwa amekaa mbele ya mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama sanamu yake ingetoa maji.

Na msidhani China ilikwenda hivyo moja kwa moja. Mwaka 1822 mfalme wa ukoo wa Qing alifuta idara ya visindano kwenye chuo cha tiba cha ikulu, kwa hoja kwamba kuchoma na kuunguza si vitu vya kufanyiwa mwili wa mfalme. Mitaani waganga waliendelea, lakini bila mtahini mkubwa juu yao. Karne moja baadaye mambo yakawa mabaya zaidi: Februari 1929 kamati ya afya ya serikali ya Nanjing ilipitisha pendekezo la daktari Yu Yunxiu, aliyesomea Japani, la kuibana tiba ya asili mpaka ife. Waganga waandikishwe, shule zao zizuiwe, matangazo yao kwenye magazeti yapigwe marufuku. Tarehe 17 Machi wajumbe wa waganga kutoka mikoa mbalimbali walikusanyika Shanghai, wakafunga maduka ya dawa, wakatuma ujumbe kwa serikali. Pendekezo halikutekelezwa. Ila waganga walipata somo: mtu asiye na shule wala cheti ni rahisi kufutwa. Wakaanza kudai wenyewe shule na mitihani.

Serikali ya Mao ndiyo iliyowapa. Mwaka 1956 vilifunguliwa vyuo vinne vya tiba ya Kichina: Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Ile tunayoiita leo tiba ya jadi ya Kichina, yenye mtaala mmoja na vitabu vya kiada, kwa kiasi kikubwa ilipangwa miaka hiyo. Nchi ilikuwa na watu wengi na madaktari wachache, basi kila aliyejua kitu alihitajika. (Daktari binafsi wa Mao aliandika baadaye kwamba mzee mwenyewe alimwambia hazitumii dawa hizo. Wanasiasa ni wale wale.) Kisha wakaja madaktari pekupeku, vijana wa vijijini waliofundishwa kwa miezi michache kuchanja, kuchoma visindano na kutoa dawa za mitishamba na za kisasa. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Walifanya kazi kubwa sana, na mwaka 1985 jina hilo likafutwa: anayetaka kuendelea afanye mtihani.

Leo hii kwa China, njia ya kawaida ni chuo miaka mitano, mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, kisha mtihani wa taifa wa leseni. Sheria ya madaktari iliyoanza kutumika Mei 1999 iliweka msingi huo. Sheria ya tiba ya Kichina iliyoanza Julai 2017 ikawafungulia mlango waliojifunza kwa mzee bila kupita chuo: wapendekezwe na waganga wasiopungua wawili, halafu wapimwe na mkoa kwa vitendo. Yaani hata mjukuu wa mganga anachoma sanamu.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo nilipoelewa tumekwama wapi.

Sisi na madaktari wa Kichina hatukuanza kujuana juzi. Mkoa wa Jiangsu umekuwa ukituma timu zake Zanzibar tangu 1964, na mkoa wa Shandong umetuma Tanzania Bara tangu 1968. Waliokuja walikuwa wamechaguliwa na serikali yao na kupokelewa na ya kwetu, wakapangwa hospitali za umma. Mgonjwa wa wakati ule hakuhitaji kuuliza cheti. Serikali mbili zilikuwa zimeshauliza kwa niaba yake. Mama anakumbuka alivyokuwa mdogo watu wakisema "daktari Mchina" kwa sauti ile ile ya kusema "reli ya Wachina". Heshima hiyo ilikuwa na sababu.

Miaka ya 1990 zikaanza kuonekana Dar es Salaam kliniki binafsi za Kichina. Uso ule ule, koti lile lile, lakini hakuna tena serikali mbili nyuma yake. Ni mfanyabiashara na chumba cha kupanga. Wengine ni wataalamu wa kweli. Wengine walisomea mambo mengine kabisa. Sisi tukaendelea kuwapokea wote kwa heshima iliyotafutwa na timu za Jiangsu na Shandong. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na chini yake lipo Baraza linalosajili waganga na vituo vyao. Tiba ya Kichina inaingia kwenye hiyo tiba mbadala. Kwa hiyo mtahini tunaye. Tatizo ni kwamba mimi na digrii yangu nilikwenda kuuliza cheti cha Kichina nisichoweza kukisoma, wala sikuuliza namba ya usajili wa Tanzania iliyo kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kuna wenzetu watasema mambo ya asili hayana madhara, tusitishane. Niwape kisa cha Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotibiwa unene kwenye kliniki moja ya Brussels walianza kuharibika figo. Kwenye vidonge vyao kulitakiwa kuwe na mmea unaoitwa kitaalamu Stephania tetrandra. Kwa Kichina unaitwa han fangji. Kulikuwa na mwingine, guang fangji, yaani Aristolochia fangchi, na ndio ulioingia. Majina yamefanana, mimea ni tofauti kama mchicha na tumbaku. Wagonjwa wapatao 100 waliathirika, wengi wakaishia kuhitaji figo mpya, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na waliowaandikia dawa hizo walikuwa madaktari wa hospitali, si waganga wa Kichina. Hawakuijua mimea hiyo. Kusomea kitu kimoja si kusomea kingine. Tangu niliposoma kisa hicho ile mifuko isiyo na jina nikaiona kwa jicho tofauti kabisa.

Upande wa pili nao upo, na tuseme ukweli. Qinghao ni mmea wa jamii ya pakanga uliotajwa na mganga Ge Hong katika karne ya 4 kama dawa ya homa za vipindi. Mwanasayansi Tu Youyou alisoma maelekezo yake, akagundua kwamba kuuchemsha kunaiua dawa, na kufikia 1972 timu yake ikawa imepata kiini chake, artemisinini. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya Mseto, ile ALU iliyofanywa kuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2006, imetokana na huo mmea. Kila mmoja wetu hapa ameshainywa. Lakini angalieni njia iliyopita: kitabu cha zamani, kisha maabara, kisha majaribio kwa watu. Hakuna aliyesema tumeze kwa sababu ni ya miaka 1,600.

Visindano navyo vimejaribiwa. Ujerumani walitoa matokeo mwaka 2007 ya wagonjwa 1,162 wa mgongo wa muda mrefu. Waliochomwa kufuata kanuni za Kichina, karibu asilimia 48 walipata nafuu baada ya miezi sita. Waliochomwa juu juu mahali pasipo kanuni, asilimia 44. Waliopata dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27. Msome vizuri hapo. Visindano vilishinda tiba ya kawaida, lakini kuchoma pasipotakiwa nako kulishinda karibu vile vile. Wang Weiyi na sanamu zake angekuwa na maswali. Kwa mgongo wa mama nilichokipata ni hiki: kujaribu si ujinga, ilimradi anayechoma anajua mapafu yako wapi na kisindano ni kipya.

Nilimsimulia mama yote haya jikoni, kisa kwa kisa. Ya sanamu aliipenda, mwalimu ni mwalimu. Akaniambia, "Basi tafuta mwenye kutoa maji."

Imechukua wiki mbili. Tuliyempata ni Mtanzania, alisoma China miaka sita ukihesabu na mwaka wa lugha. Nilimuomba namba ya usajili nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akafungua droo akanionyesha karatasi yenyewe, kisha akauliza kama nataka kuipiga picha. Akamuuliza mama maswali kwa nusu saa nzima: analalaje, maumivu yanazidi saa ngapi, choo kinakwendaje. Akamtazama ulimi, akamshika mshipa mkono huu na huu. Hapo nilijua kwa nini kile kichuma cha Jumamosi kilinisumbua, maana mganga wa Kichina huanza kwa kutazama, kusikiliza, kuuliza na kugusa, na yule hakufanya hata kimoja. Kisha akaomba kadi ya kliniki ya presha, akanakili majina ya vidonge. Mama akamuuliza aviache lini.

"Usiviache, mama," akasema. "Hivyo si vyangu, ni vya daktari wako. Mimi nashughulika na mgongo tu, na nikishindwa baada ya mara sita nitakwambia."

Visindano vilitoka kwenye pakiti mbele yetu na vikaenda kwenye boksi la njano. Mama alilala usingizi pale pale kitandani, anakoroma, mimi nimeshika mkoba wake. Tumeshakwenda mara nne. Mgongo umepungua, anainama kufagia uwanja. Goti bado lile lile.